Wiki Moja kwa Tanga Visiwani Eolie: Ratiba Mwachie Upepo

Pwani yetu kusi likishashika, limeshika, na manahodha wa majahazi wamejenga maisha juu ya ahadi hiyo. Bahari ya kaskazini mwa Sicilia haina ahadi ya aina hiyo. Visiwa saba vya Eolie vimepata jina kwa Aeolus, mlinzi wa pepo katika hadithi za Wayunani wa kale, na mpaka leo upepo huko hufanya utakavyo. Asubuhi bahari shwari kama maji ya mtungini. Alasiri maestrale imeshuka kutoka kaskazini-magharibi na sufuria zinacheza jikoni. Kwa hiyo mkitaka kukodi boti ya tanga, wewe na wenzako, pangeni sana mambo ya watu na pesa. Ya visiwa pangeni kidogo tu.

Tuanze na watu. Boti nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na mahali pazuri pa kuanzia ni Milazzo au Portorosa, pwani ya kaskazini ya Sicilia. Tangazo litasema vyumba vinne, watu wanane. Msikimbilie kujaza nafasi zote. Ikiwa hakuna kati yenu mwenye cheti cha unahodha, mtamkodi nahodha, naye ana haki ya kitanda. Chumba kimoja kimekwenda, mmebaki sita. Chakula chake pia ni juu yenu.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda watahitaji viza ya Schengen. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Hapa ndipo makundi mengi huvunjika. Viza ya mmoja ikikataliwa, kodi ya boti haipungui hata senti. Sehemu yake inawaangukia waliobaki. Kubalianeni nani atabeba hasara hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali, mngali marafiki.

Kisha mfuko wa pamoja. Mteueni mhazini mmoja, awe mtu asiyeona haya kudai. Sisi tulianza na euro 150 kila mmoja kwa ajili ya chakula, dizeli, maboya na gati, na siku ya nne mfuko ukakauka, tukachanga tena. Kosa letu lilikuwa mvinyo: tuliuweka humo humo, na wawili kati yetu hawanywi. Walinyamaza siku mbili, ya tatu wakasema. Mvinyo uwe na mfuko wake. Wasiokula nguruwe nao waseme mapema kwa mpishi wa zamu, maana vipande vyake huingia hata kwenye sahani ya kunde. Maji ya kunywa nunueni Sicilia kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu visiwani bei hupanda. Visiwa vingine huletewa maji kwa meli.

Mzigo ni begi la kitambaa linalokunjika, basi. Mwenzetu mmoja alikuja na sanduku la magurudumu. Halikuingia kabatini, likalala kitandani pake wiki nzima, yeye akajibanza pembeni kama mgeni. Choo nacho kina sheria moja: hakiingii humo kitu ambacho hukukila kwanza. Hata karatasi ina ndoo yake. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa, kaa nje na utazame upeo wa macho.

Mzaliwa wa pwani atashangaa jambo moja. Kule maji hupwa na kujaa kidogo mno, hayafiki hata goti. Ndiyo maana boti hufungwa kwa tezi: nanga inashushwa kutoka omo mbali kidogo na gati, nahodha anarudi kinyumenyume polepole, kamba mbili zinarushwa nchi kavu, ubao unawekwa, mnashuka kama mnatoka barazani. Kila mtu apewe kazi yake mapema, na asiye na kazi akae chini. Boti ikikaribia ukuta, usinyooshe mguu kuizuia. Ina uzito wa tani kadhaa, nawe una mfupa. Shusha mpira wa ubavuni, uache mpira uumie.

Kuhusu njia, chagueni kisiwa kimoja mnachokitaka kweli, vingine viwe bahati. Filicudi na Alicudi ziko mbali magharibi, kwa wiki moja ningeziacha. Sisi tulitaka Stromboli, kisiwa cha volkeno. Kisiwa hicho hakina bandari ya kujificha. Boti hujishika kwenye boya au nanga mbele ya kijiji, na mawimbi yakija yanawakuta kitandani. Nahodha alisikiliza utabiri kwenye redio, chaneli 68, mara mbili akatikisa kichwa. Tukakaa kisiwani Salina, tukala kepari na kupanda kilima. Siku ya tatu akasema twende. Jioni tulikuwa upande wa Sciara del Fuoco, mteremko wa volkeno hiyo, injini imezimwa, kwa umbali unaoruhusiwa, hakuna anayeongea. Kwanza giza tupu. Kisha juu kabisa pakawaka pekundu, mawe yakabingirika mteremkoni yakizima moja moja, na ngurumo ikatufikia baadaye.

Nendeni Juni au Septemba. Katikati ya Agosti Waitaliano wote wako majini, na boya hulipati hata kwa kuomba.

Na Ijumaa msiifanye siku ya matembezi. Boti hurudi bandarini jioni hiyo, tangi la dizeli likiwa limejaa, na kila aliyeondoka pamoja nanyi amekuja kwenye pampu ile ile. Tulisubiri karibu saa mbili. Mhazini alihesabu chenji iliyobaki, akashuka, akarudi na vikombe saba vya granita ya lozi, kimoja cha nahodha.