SOMO LA JUMA: MZIGO MWEPESI WA MFANYABIASHARA
Soma: Matendo 18:1-3; 2 Timotheo 4:13

Wengi wetu tunaojitafutia riziki kwa biashara ndogo tuko safarini kila juma. Tumtazame Paulo. Huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi kama sisi tulivyofukuzwa kwetu. Ufundi alikuwa nao mikononi. Hata joho lake aliliacha Troa kwa Karpo. Baadaye, akiwa kifungoni, aliagiza aletewe.

Sisi tulikimbia mikono mitupu, ndiyo maana tunaogopa kuacha kitu nyuma. Tubebe kibali, nguo ya kubadili na bidhaa tunazoweza kuinua wenyewe. Vingine tumwachie ndugu mwaminifu.

Swali la nyumbani: Karpo wetu ni nani? Na sisi, tu Karpo wa nani?