Uvimbe wa Kinena kwa Watoto: Upi Husubiri, Upi Hausubiri

Ndugu wanakamati, wengi wetu Bukoba na Muleba huuita uvimbe wowote wa kinena au wa korodani mshipa, na mzazi huambiwa asubiri mtoto akue. Kwa ngiri maji ya mtoto mchanga ushauri huo si mbaya. Mara nyingi maji hukauka yenyewe kabla ya miaka 2. Ngiri ya kinena ni jambo lingine. Haiponi kwa dawa wala kwa mkanda, hupona kwa upasuaji. Utumbo ukinaswa, uvimbe huwa mgumu, haurudi ndani, na mtoto hulia na kutapika. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Korodani ambayo haijashuka kufikia miezi 6 ionwe na daktari. Upasuaji hufaa kabla ya miezi 18.

Korodani iliyojisokota, ambayo huwapata zaidi vijana wanaobalehe, ina takribani saa 6 tu za kuokolewa. Kwa familia ya kisiwani Bumbire, ziwa hula saa hizo kwanza, ndipo barabara ya kwenda Rubya, Kagondo au Ndolage. Basi nauli ya boti ikae tayari kigangoni, isingoje kikao. Wafadhili wetu huuliza sana gharama ya upasuaji. Tuwaeleze na ya boti.