Blugrasi Husikilizwa kwa Macho Pia

Swali: Blugrasi si ndio ule muziki wa kale wa wakulima wa milima ya Appalachia?

Jibu: Nyimbo zake nyingi ni za kale, lakini mtindo wenyewe hata umri wa redio haujaufikia. Ulizaliwa ndani ya bendi moja, Blue Grass Boys, ambayo kiongozi wake Bill Monroe aliipa jina la utani la jimbo lake la Kentucky. Monroe, mpiga mandolini, alianza kusikika mwaka 1939 katika Grand Ole Opry, kipindi cha Jumamosi usiku cha redio WSM ya Nashville, lakini bendi yake ilikuwa bado ikitafuta njia. Iliipata Desemba 1945, alipoingia kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina, Earl Scruggs, na banjo aliyoipiga kwa vidole vitatu. Pamoja naye walikuwapo Lester Flatt kwenye gitaa na uimbaji, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi kubwa ya kusimama. Walirekodi Septemba 1946, na mwaka 1948 Flatt na Scruggs wakaondoka kwenda kuunda bendi yao. Miaka miwili na ushei, basi. Na bendi za blugrasi mpaka leo hujipima kwa kipimo hicho.

Kujua umri huu si ubishi wa wanahistoria. Anayedhani anasikiliza masalia husikiliza kama anayetembezwa makumbusho: kwa heshima, na kwa uvivu. Ukijua kwamba ni muziki wa jukwaani, uliotengenezwa na watu waliolipwa ili washike masikio ya umati ukumbini na ya wengine majumbani, utauliza swali lenye manufaa zaidi: watu watano, kila mmoja na ala yake, wanawezaje kusikika bila kufunikana? Utamu wote wa blugrasi umo katika jibu la swali hilo, na jibu lenyewe huonekana kabla halijasikika.

Swali: Huonekana vipi?

Jibu: Tazama bendi inayotumia kipaza sauti kimoja, kama walivyofanya wengi zamani na kama alivyoendelea kufanya Del McCoury, aliyeimba na Monroe mwaka 1963. Mwimbaji anapomaliza ubeti hurudi nyuma nusu hatua na kugeuza bega. Mpiga banjo anajipenyeza kwenye uwazi huo akiwa amekwisha kuanza kupiga, uso wa ala yake ukielekea kipazani. Mpiga fidla anasubiri upande ambao upinde wake hautamchoma mtu jicho. Kiitikio kikifika, vichwa vitatu vinakusanyika, na mwenye sauti ya juu kabisa anajivuta nyuma kidogo ili asiwafunike wenzake. Hakuna fundi mitambo wa kupandisha na kushusha sauti. Kazi hiyo inafanywa na miguu.

Wasio na zamu nao hawapumziki. Besi inashika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini inajibu la pili na la nne kwa mkato mkavu: mpigaji hukwangua nyuzi, kisha papo hapo hulegeza vidole vya mkono wa kushoto ili zikatike zisiendelee kulia. Hiyo ndiyo ngoma ya bendi isiyo na ngoma. Scruggs, kwa upande wake, alivaa ukucha wa plastiki kwenye dole gumba na wa chuma kwenye vidole viwili vinavyofuata. Midonoo minane ya haraka haigawanyiki sawasawa kwa vidole vitatu, kwa hiyo mara nyingi mkazo hutua tatu, tatu, mbili. Ndipo unapotoka ule msukumo wa kwenda mbele, ambao sikio lililolelewa na ngoma huutambua mara moja.

Swali: Hata hivyo, nyimbo zote zinafanana.

Jibu: Kwa anayesikiliza wimbo kama kitu kizima, zinafanana, na hakuna haja ya kukana. Ala ni zile zile, mapigo ni yale yale, na mpiga gitaa anaweza kumaliza usiku mzima kwa mikao mitatu minne tu ya vidole kwa kila wimbo. Lakini wimbo hapa ni kama uwanja wa mpira: haubadiliki, na hakuna anayelipa kiingilio ili autazame wenyewe. Chukua wimbo mmoja uliopigwa na bendi mbili, ufuate zamu ya fidla tu. Huyu atashikilia sauti ya mwimbaji neno kwa neno. Yule ataiacha tangu mstari wa pili, atangetange, kisha arudi dakika ya mwisho kana kwamba hakwenda kokote. Tofauti iko hapo.

Lawama yenye uzito zaidi ni ya kasi. Filamu ya Bonnie and Clyde ya mwaka 1967 ilitumia Foggy Mountain Breakdown ya Scruggs kwenye matukio ya kukimbizana kwa magari, na tangu hapo wapo wanaodhani haraka ndiyo shabaha. Zipo bendi zinazokimbia tu, na zinachosha. Kipimo kizuri ni kuzingojea kwenye wimbo wa taratibu, pale sauti tatu zinapotakiwa kushikana bila banjo ya kuzifichia makosa.

Swali: Ni muziki wa Wazungu. Sisi unatuhusu nini?

Jibu: Hivyo ndivyo ulivyouzwa. Miaka ya 1920 kampuni za santuri za Marekani ziligawa orodha zao kwa rangi, nyimbo za weusi huku na za weupe wa mashambani kule, na mgawanyo huo wa dukani ukaja kuaminiwa kama historia. Jukwaani mambo hayakuwa hivyo. Banjo yenyewe ni mjukuu wa ala za Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegambia ina kibuyu, ngozi na uzi mfupi unaopigwa kwa dole gumba, kama uzi wa tano wa banjo ya leo. Monroe alipokuwa kijana alipiga dansini pamoja na Arnold Shultz, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa gitaa na fidla, na hakulificha deni hilo. Baadaye Carolina Chocolate Drops, kundi la Rhiannon Giddens na wenzake, lilikwenda kujifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa North Carolina, likairudisha banjo mikononi mwa weusi mbele ya umati.

Lakini tusijitwalie sifa isiyo yetu: banjo haikutoka pwani hii. Uhusiano wetu nayo ni wa namna nyingine. Wimbo alioingia nao Monroe Grand Ole Opry ulikuwa wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, na ni jina la Rodgers huyo huyo ambalo Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alilikuta Bonde la Ufa mwaka 1950, limegeuka Chemirocha katika nyimbo za Wakipsigis. Mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck alifika Uganda na Tanzania kabla ya kwenda Gambia na Mali, na filamu ya safari hiyo ikapewa jina linalotokana na maana inayosimuliwa ya Bagamoyo, kubwaga moyo. Mtazame humo akipiga na mwanamuziki wa Tanzania Anania Ngoliga. Lugha ya mazungumzo hawana ya kutosha, lakini kila mmoja anajua mwenzake amemaliza lini.

Swali: Na Amerikana, jina linalotajwa mara nyingi pamoja na blugrasi, ni kitu gani?

Jibu: Zaidi ni kibandiko. Kilipata chama chake Nashville mwaka 1999, na chini yake huwekwa muziki wa kiasili, kantri ya zamani, bluzi na hata roki kidogo. Humo mtunzi na maneno yake ndio huwa katikati, wapigaji wakimsindikiza. Muziki mzuri, ila usiende kuutafutia zamu.

Swali: Lakini rekodi ni safi kuliko uwanja wa tamasha wenye vumbi. Kwa nini mtu ajisumbue?

Jibu: Ni safi kweli, na aliye Tanga au Eldoret hana budi kuanzia huko. Achague basi video inayoonyesha bendi nzima kwa pamoja. Mpiga picha anayerukaruka kutoka uso hadi uso huondoa kile hasa cha kutazama. Ila tamasha lina kitu kingine. Tangu lile la siku kadhaa aliloandaa Carlton Haney huko Fincastle, Virginia, mwaka 1965, na la Monroe mwenyewe huko Bean Blossom, Indiana, kuanzia mwaka 1967, sehemu kubwa ya muziki hupigwa nje ya jukwaa, kwenye maegesho na kati ya mahema. Wasiojuana husimama duara. Aliyeuanzisha wimbo ndiye mwenye nao: humpa jirani zamu kwa kumtupia jicho, na asiyetaka hutikisa kichwa, zamu ikampita bila fedheha. Mgeni asiye na ala husimama nyuma kidogo. Akitaka kujua wimbo unakwisha lini, aangalie chini: mwenye wimbo atainua mguu mmoja.