MAJI TOHARA NA MAJI SALAMA: Haki ya Anayeishi Jirani na Kiwanda

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Darasa letu la leo linahusu jambo ambalo mtu wa Kapata analijua kwa pua, kwa masikio na kwa koo lake: uchafuzi utokao viwandani na migodini. Wengi huuliza: "Kiwanda ndicho kinachotulisha. Je, tuna haki ya kulalamika?" Jibu kwa ufupi ni hili: riziki ya halali haihalalishi kumdhuru jirani. Tulieleze kwa dalili.

1. KUDHURU NI HARAMU HATA PENYE MANUFAA

Katika Hadithi Arubaini za Imam Nawawi, hadithi ya 32 inatufundisha kuwa katika dini yetu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na katika Sahih Bukhari, Nu'man bin Bashir (R.A.) amepokea mfano wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipita juu kuteka maji, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Tazameni: haja yao ilikuwa ya kweli, nia yao haikuwa mbaya, na mahali palikuwa pao. Lakini wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Mtume (S.A.W.) hakufundisha kuwa watu wa chini watupwe baharini. Amefundisha washikwe mikono. Vivyo hivyo sisi hatuombi kiwanda kifungwe na baba wa watoto arudi nyumbani bila mshahara. Tunaomba tundu lisitobolewe.

Hata harufu na sauti zina hukumu. Aliyekula kitunguu saumu kibichi amekatazwa kukaribia msikiti, kwa kuwa malaika huudhika na yale yanayowaudhi wanadamu. Luqman naye, katika sura yenye jina lake, aya ya 19, anamuusia mwanawe ashushe sauti. Na wanavyuoni walioandika juu ya hisba, kama Al-Shayzari wa karne ya 12 miladia, waliwataka waoka mikate wainue mapaa na wafungue njia pana za moshi. Mwoka mikate hakufukuzwa sokoni. Moshi wake ndio uliowekewa sheria.

2. MAJI

Madarasani tumejifunza katika Safinatun-Najaa tofauti ya maji machache na maji mengi, yaliyofika kullateni. Maji mengi hayawi najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Watoto wetu wanalijua hilo kwa moyo. Lakini ndugu zangu, alama hizi tatu ni za kutambua najisi. Si kipimo cha sumu. Maji yenye madini mazito yanaweza kuwa meupe, bila harufu, na bado yakadhuru. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa tohara, na kuyanywa kukawa haramu kwa sababu ya madhara yake. Na aliyethibitisha kwamba maji aliyo nayo yatamdhuru mwili, wala hana mengine, sheria imemruhusu atayamamu kwa udongo safi. Asijitese akidhani ndiyo ibada.

Mfano wake ni mto Luilu, jirani yetu. Kiwanda cha Luilu cha kusafisha shaba na kobalti kilianza mwaka 1960, na baada ya Gécamines kikaendeshwa na KCC, kampuni iliyo chini ya Glencore. Mwezi wa nne 2012, mashirika ya Uswisi na Uingereza yalitangaza kuwa yalipima maji yaliyotoka kiwandani kuelekea mtoni na kupata pH 1.9. Maji ya kawaida ni karibu 7, na kila hatua moja ya kushuka huongeza ukali mara kumi. Basi yale yalikuwa makali zaidi ya mara laki moja. Kampuni ilijibu kuwa ilirithi jambo hilo kutoka miaka ya nyuma, na kwamba umwagaji ulikwisha komeshwa.

Na dawa inajulikana: maji ya asidi hutiwa chokaa mpaka ukali uishe na madini yatuame chini, kisha hukaa katika mabwawa yaliyotandikwa vizuri, na hupimwa kabla ya kuachiliwa. Bwawa lenyewe likipuuzwa, huwa msiba. Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals ulibomoka, asidi ikafika mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

3. HEWA, VUMBI NA KELELE

Mawe yenye salfa yakichomwa hutoa gesi inayokaba kifua. Watu wa Mufulira, ng'ambo ya mpaka, waliivuta kwa miaka mingi, hata wakaipa jina, "senta". Gesi hiyo ikinaswa hugeuzwa kuwa asidi, na asidi ndiyo inayohitajika kuyeyushia shaba na kobalti. Mufulira walikamilisha mitambo ya kuinasa mwaka 2014. Basi kinachomdhuru jirani kikiachwa angani, kikinaswa ni mali ya kiwanda.

Vumbi nalo si jambo dogo. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kuwa watoto wa Kasulo, hapa Kolwezi, walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi kuliko watoto wa mahali pengine. Barabara imwagiwe maji, na malori yafunikwe.

Ama kelele, baruti ilipuliwe kwa saa zinazotangazwa, na jenereta zifungiwe mbali na vyumba vya kulala. Nasi tutengeneze vipaza sauti vyetu: adhana ni wito, si adhabu kwa mgonjwa.

4. WAJIBU WETU

Kwanza, tuanze nyumbani. Anayeosha mawe ya madini mtoni, anayechoma matairi, anayemwaga asidi ya betri uani, naye anatoboa jahazi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia haki hata juu ya nafsi zetu.

Pili, tuthibitishe. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatukataza kubeba habari bila kuichunguza. Harufu ikija, andika siku, saa, upepo ulikotoka, na nani aliugua. Maji yapelekwe maabara.

Tatu, tusimame pamoja: misikiti, makanisa, shefu wa kartie na wafanyakazi wenyewe. Sheria ipo. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamfanya mwenye haki ya mgodi awajibike kwa madhara ya kazi yake hata bila kuthibitishwa kosa.

Msikate tamaa. Ndugu zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri kilichofanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Walikusanya vipimo vya damu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya rufaa iliitengua, lakini Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa kumi na mbili 2024. Safari ilikuwa ndefu, na ushahidi ndio uliowafikisha.

Nne, tuwe waadilifu. Suratul Maida, aya ya 8, inakataza chuki dhidi ya watu kututoa katika uadilifu. Tusimzulie Mchina wala Mzungu jambo asilolifanya. Na alilolifanya, tusimfichie kwa ajili ya mshahara.

Ewe Mola wetu, tusafishie maji yetu na hewa yetu, waponye wagonjwa wetu, wape ujasiri wanaofanya kazi viwandani waseme kweli, na utie huruma katika nyoyo za wenye amri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.