Cheti cha ubatizo kina uzito gani?

Katika mihadhara ya dini, suala la ubatizo huletwa zaidi kwa ajili ya kuichekesha hadhira. Msemaji atauliza, maji ya mtoni au ya kwenye beseni? Mengi au machache? Watu watapiga takbira na jambo litaishia hapo. Sina ugomvi na wahadhiri wetu, wengi wao wamefanya kazi kubwa. Lakini swali ambalo mimi kama mwalimu huulizwa zaidi na wanafunzi na wazazi wao halihusu kiasi cha maji. Linahusu msiba. Mzee amefariki. Ameswali na kufunga miaka thelathini, na wanawe wanaandaa sanda. Mara upande wa pili wa ukoo unafika na cheti cha ubatizo cha enzi alizosoma shule ya misheni, chenye jina ambalo wajukuu hawajapata kulisikia, na wanamdai maiti kuwa ni wao. Je, cheti kile kina uzito gani?

Ili tulijibu swali hili kwa uadilifu, kwanza tujue Wakristo wenyewe wanamaanisha nini wanaposema mtu amebatizwa. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa marefu, kwa sababu tangu zamani hawajawa na jibu moja.

Neno lenyewe ni la Kiyunani, na asili yake ni kuchovya au kuzamisha. Katika Injili ya Marko sura ya 1, Yohana, ambaye sisi tunamfahamu kama Nabii Yahya (a.s.), anawazamisha watu katika mto Yordani kuwa ni alama ya toba. Qur'an inamsifu Nabii Yahya katika Surat Maryam na Aal Imran, ila haitaji kwamba alibatiza. Katika Agano Jipya maana ya tendo hili inaanza kupanuka. Matendo ya Mitume inasimulia watu wakibatizwa kwa jina la Yesu, wakati Mathayo 28:19 inataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Paulo katika Warumi 6 anaufanya ubatizo kuwa ni kufa na kufufuka pamoja na Kristo. Tayari hapo si toba peke yake tena.

Kuhusu kiasi cha maji kinachotuchekesha sana, Wakristo wa mwanzo walikwisha kulijadili. Kiko kitabu kidogo cha zamani kiitwacho Didache, ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kinaelekeza kutumia maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Na yakiwa haba, mtu amiminiwe kichwani mara tatu. Msomaji anayejua fiqhi ya twahara hatashangaa sana. Kwa hiyo hoja ya beseni tuiache.

Hoja nzito ilizaliwa Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria, karne kadhaa kabla ya Uislamu kufika huko. Mnamo mwaka 200 hivi, mwanachuoni wa Kikristo wa Carthage aitwaye Tertullian aliandika kitabu kuhusu ubatizo, na humo alishauri watoto wadogo wasiharakishwe. Waje wakikua, wakijifunza, wakijua wanakwenda wapi. Nusu karne baadaye, katika mji ule ule, Askofu Sipriano na maaskofu wenzake wakaamua kinyume chake, kwamba mtoto asicheleweshwe hata hadi siku ya nane. Na wapo walioahirisha kwa makusudi hadi uzeeni ili wafutiwe dhambi zote kwa mkupuo mmoja. Mfalme Konstantino, yule aliyeitisha Mtaguso wa Nikea mwaka 325, alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa.

Kisha ukaja mgogoro ambao ndio mzizi wa suala letu. Mwaka 303 Dola ya Roma ilianza kuwatesa Wakristo na kuwataka wakabidhi vitabu vyao. Baadhi ya viongozi wakakabidhi. Mateso yalipokwisha, kundi kubwa la Wakristo wa Afrika, walioitwa Wadonato, wakasema kiongozi aliyesaliti hana alichobaki nacho cha kumpa mtu mwingine, hivyo ubatizo wa mkono wake ni batili. Aliyetoka upande ule akija kwao walimbatiza upya. Mgogoro ukadumu zaidi ya miaka mia. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikutana Carthage kuumaliza.

Aliyewajibu Wadonato kwa nguvu ni Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba huko Algeria. Alisema ubatizo si mali ya padri, ni mali ya Kristo, kwa hiyo uovu wa anayebatiza hauubatilishi. Akapiga mfano wa askari aliyetiwa alama ya jeshi mwilini. Akitoroka jeshini alama inabaki, na akirudi hatiwi nyingine. Tukiwa wakweli tutakiri kwamba hoja hii ilikuwa na huruma ndani yake. Ilimwondolea muumini wa kawaida wasiwasi wa kujiuliza kila siku kama aliyembatiza alikuwa mwema au mnafiki. Lakini Agostino huyo huyo mwishowe alikubali mkono wa serikali utumike kuwarudisha Wadonato kanisani kwa nguvu. Alama isiyofutika upande mmoja, na dola upande wa pili. Viwili hivyo vikikutana, asiyetaka anakuwa mtoro.

Nenda sasa Hispania. Mji wa Granada, dola ya mwisho ya Waislamu wa Andalus, ulisalimu amri Januari 1492 kwa mkataba ulioahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao. Haikupita miaka minane. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros aliingia Granada na ubatizo wa makundi ukaanza. Waislamu wakaasi, na uasi ule ukafanywa sababu ya kuuvunja mkataba. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile walipewa kuchagua baina ya kubatizwa na kuhama, na kuhama kwenyewe kukawekewa vikwazo vizito.

Kisa cha Valencia kinaonesha zaidi. Mwaka 1521 waasi dhidi ya makabaila waliwakamata Waislamu waliokuwa wakilima mashamba ya mabwana hao wakawabatiza kwa nguvu. Vurugu zilipotulia, wengi walirudi kwenye swala zao. Ndipo likaulizwa swali, je, hawa ni Waislamu au ni Wakristo walioritadi? Mwaka 1525 jopo la wanazuoni wa Kanisa liliketi kulichunguza. Msingi ulikuwapo tangu zamani. Papa Innocent III alikwisha kuandika mwaka 1201 kwamba aliyekubali maji kwa kuogopa vitisho ameipokea alama, na anaweza kulazimishwa kuishika imani. Asiyeipokea ni yule tu aliyekataa kata kata hadi mwisho. Jopo likaamua kwamba ubatizo wa Valencia ulikuwa sahihi. Mtu aliyechagua maji badala ya upanga alihesabiwa kuwa amechagua.

Kuanzia hapo Mwislamu yule akawa chini ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuchunguza imani, ambayo haikuwa na mamlaka ya kumshitaki asiyebatizwa kwa kosa la kuritadi. Kuoga, kufunga Ramadhani, kukataa nyama ya nguruwe, vyote vikawa ushahidi mahakamani. Watu hawa waliitwa Wamorisko, na kati ya mwaka 1609 na 1614 takriban laki tatu kati yao walifukuzwa Hispania. Wamebatizwa, na bado wamefukuzwa!

Mwaka 1504 mwanachuoni Ahmad bin Abi Jumaa aliwaandikia Waislamu hawa fatwa inayojulikana kama fatwa ya Oran. Aliwaruhusu kuswali hata kwa ishara, kulipa usiku swala walizozuiwa mchana, na kama wakilazimishwa kulitamka jambo la kufru walitamke huku nyoyo zinalikataa. Msingi wake ni Surat An-Nahl aya ya 106, inayomtoa hatiani aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia juu ya imani, aya ambayo wafasiri wanaihusisha na Ammar bin Yasir (r.a.) alipoteswa Makka. Linganisha fatwa hii na uamuzi wa 1525. Mtu ni yule yule na vitisho ni vile vile. Mmoja anatazama alichofanyiwa mwilini, mwingine anauliza moyo ulikuwa wapi.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Yusuf bin Hasan, mtoto wa Sultani wa Mombasa aliyeuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno, alipelekwa Goa akiwa mdogo. Akalelewa na watawa wa shirika linalobeba jina la Agostino huyo huyo, na akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo. Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme Mkristo. Agosti 1631 alimuua kapteni wa Kireno ndani ya Ngome ya Yesu, akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu. Wengi wetu hukisimulia kisa hiki kwa fahari na kuishia hapo. Sehemu ya pili ni kwamba Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, walitakiwa kuchagua baina ya Uislamu na kifo, na waliokataa waliuawa. Ikiwa tunailaumu Valencia kwa kuipima na Surat Al-Baqarah aya ya 256, basi hatuna ruhusa ya kuificha aya hiyo tukifika Mombasa.

Wakristo pia walidhulumiana kwa sababu ya maji haya. Mwaka 1525, mwaka ule ule wa jopo la Valencia, kikundi kidogo mjini Zürich kilianza kubatiza watu wazima kwa kusema kwamba mtoto mchanga hana imani ya kuikiri. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni hadi kufa Januari 1527, na waliomhukumu ni Wakristo wenzake waliokuwa wamejitenga na Papa. Fikra hiyo ya ubatizo wa mtu mzima ndiyo tunayoiona leo kwa majirani zetu Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste, na ndiyo sababu wao huweza kumbatiza tena aliyebatizwa utotoni, jambo ambalo Kanisa Katoliki halikubali.

Na mwaka 1858 huko Bologna, mji uliokuwa chini ya utawala wa Papa, polisi walimchukua mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita, Edgardo Mortara, kutoka kwa wazazi wake. Sababu? Mtumishi wa nyumbani alisema aliwahi kumnyunyizia maji kwa siri alipokuwa mgonjwa. Kwa mujibu wa sheria ya pale mtoto alikwisha kuwa Mkristo, na Mkristo halelewi na Mayahudi. Hakurudishwa. Alikuja kuwa padri.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba Kanisa Katoliki lilibadilika. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba hakuna wa kulazimishwa katika imani, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka ridhaa ya mtu mzima mwenyewe, au ya mzazi kwa mtoto. Hata hivyo, kanuni ya 868 ya sheria hiyo imebakisha kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa kihalali hata wazazi wake wasipotaka, na kanuni ya 861 inasema katika dharura mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Sisemi kwamba hospitali za misheni zinawavizia watoto wetu. Wauguzi wengi ni watu waungwana. Nasema mzazi anayo haki ya kujua kanuni hiyo ipo, na kueleza dini yake na matakwa yake tangu siku anayompeleka mtoto.

Sasa turudi kwenye cheti. Katika Surat Al-Baqarah aya ya 138 Allah (s.w.) anataja "sibgha" yake, neno lenye maana ya rangi au kuchovya katika rangi. Wafasiri wakiwemo Tabari na Qurtubi wanaeleza kwamba aya inahusiana na desturi ya Manasara ya kuwachovya watoto wao majini. Rangi ya Allah ni dini yenyewe, na haipatikani kwa kuchovywa na mtu mwingine. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim inaeleza kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mnasara au Majusi. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu aliyemiminiwa maji ili apate nafasi ya darasa la kwanza, asijue wala asikusudie, hakutoka katika Uislamu kwa maji yale. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima kwa hiari na itikadi, huyo alitoka kweli. Lakini akirejea kwa shahada basi amerejea, na cheti cha zamani hakimzuii.

Wenye cheti nao tusiwadharau pale msibani. Kwa imani yao alama haifutiki, na wanadhani wanamtetea ndugu yao. Ugomvi huo hauishi kwa kupiga kelele huku maiti yupo ndani. Unaisha marehemu akiwa hai. Aliyewahi kubatizwa aseme dini yake mbele ya jamaa wa pande zote mbili, aandike wasia wenye mashahidi unaoeleza azikwe vipi na nani amsimamie, na imamu wa msikiti wake awe na nakala. Mahakama zetu katika mambo ya mirathi huangalia nia ya marehemu na mwenendo wa maisha yake. Karatasi ya shule ya mwaka 1950 peke yake haitoshi, lakini ikikosa karatasi nyingine ya kuijibu, inaweza kuchelewesha mazishi kwa siku kadhaa.