Vua Mavazi ya Sauli

Andiko la somo: 1 Samweli 17:38–40
Maandiko ya kusaidia: Kutoka 20:24–25, Malaki 1:6–14, Matendo 2:1–14

Wiki hii naanza na jambo linalonihusu mimi mwenyewe, halafu tuingie katika Neno.

Nilipoanza kuhubiri nilikuwa kijana, na sauti yangu niliionea aibu. Mimi ni mtu wa Murang'a. Nikichangamka, r na l zinapishana mdomoni na watu wanacheka. Basi nikatafuta sauti ya kuazima. Nilisikiliza wahubiri wakubwa kwenye kanda, nikaiga wanavyokwaruza sauti, wanavyofuta jasho kwa kitambaa, hata wanavyokohoa. Nikaazima na koti la binamu yangu, mikono ikinipita vidole. Siku moja baada ya ibada, mama mmoja mzee alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, leo ulikuwa unahubiri kwa sauti ya nani?" Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kujua. Siku hiyo nilienda nyumbani nikashindwa kula.

1. Mavazi yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa ya Daudi

Daudi amejitolea kupigana na Goliathi. Sauli, kwa nia njema kabisa, anamvika mavazi yake ya vita: kofia ya shaba, dirii, na upanga juu yake. Sasa kumbuka Sauli alikuwa mtu wa namna gani. 1 Samweli 9:2 inatuambia wengine wote walimfikia mabegani. Kijana anajaribu kutembea, hawezi. Angeweza kunyamaza, maana ni nani anayemkatalia mfalme? Lakini alisema wazi kwamba hajayazoea, akayavua.

Angalia vizuri. Daudi hakusema mavazi yale ni mabaya, wala hakumsengenya Sauli. Aliyavua tu, akashuka kijitoni, akachagua mawe matano laini, akashika fimbo yake na kombeo lake.

Wengi wetu bado tumeyavaa. Dada anaona kitenge cha mwenzake, anakopa pesa ashone mtindo ule ule, halafu ibada nzima anavuta nguo huku na huku. Ndugu anapiga gitaa vizuri nyumbani, lakini kanisani hagusi kwa sababu amemsikia mpigaji fulani kwenye simu. Mwingine ana wimbo kwenye daftari tangu mwaka juzi. Ukimuuliza anasema, "Bado haujakaa vizuri." Mpendwa, utakaa vizuri lini kama hakuna anayeuimba?

2. Roho Mtakatifu hakungoja lafudhi ya Petro ibadilike

Usiku ule Yesu aliposhikwa, Petro alikuwa uani akijificha. Ni nini kilimfichua? Mdomo wake. Mathayo 26:73 inasema waliosimama pale walimtambua kwa jinsi alivyosema. Alikuwa Mgalilaya, na Ugalilaya ulisikika. Lafudhi si jambo dogo katika Biblia. Katika Waamuzi 12:6 watu wa Efraimu waliuawa kwa kushindwa kutamka neno moja tu, Shibolethi.

Sasa fungua Matendo 2:7. Siku ya Pentekoste umati unashangaa, unauliza kama hawa wote wanaonena si Wagalilaya. Yaani bado walijulikana! Petro yule yule aliyejificha uani anasimama, anapaza sauti, na siku hiyo watu kama 3,000 wanaongezeka. Sisi Wapentekoste tunaupenda sana moto wa siku ile. Tusisahau ulishukia watu wa namna gani.

Musa naye alimwambia Mungu kwamba kinywa chake ni kizito (Kutoka 4:10). Mungu alimjibu kwa kumkumbusha ni nani aliyeumba kinywa. Baadaye akampa Haruni wa kumsaidia, lakini hatusomi mahali kwamba kinywa kile kilibadilishwa. Na mtu huyo aliyesema si msemaji ndiye anayenena karibu kitabu kizima cha Kumbukumbu la Torati. Amina?

3. "Lakini Mungu anataka dhabihu isiyo na ila!"

Najua kuna mtu atainua mkono hapo, na swali lake ni zuri. Malaki sura ya kwanza inawakemea watu walioleta wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Je, si heri kunyamaza kuliko kumpa Mungu kitu chenye kasoro?

Soma mpaka mstari wa 14. Mtu anayekemewa pale alikuwa na dume zuri kundini. Aliliwekea nadhiri, halafu akaliacha nyumbani, akaleta lenye kasoro. Alikuwa na bora akaificha. Kwa hiyo mwanakwaya ambaye hafiki mazoezi, halafu Jumapili anasema "Mungu anaangalia moyo," huyo Malaki anamhusu. Lakini aliyefanya mazoezi wiki nzima na sauti bado inapasuka kwenye noti ya juu, huyo ameleta dume lake bora. Hana lingine kundini. Paulo alipoandika juu ya sadaka ya pesa katika 2 Wakorintho 8:12, alifundisha kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Asicho nacho hadaiwi.

Na ile dhabihu isiyo na ila kabisa ilishatolewa. 1 Petro 1:19 inamwita Kristo mwana-kondoo asiye na waa. Sura ya 2:5 inatuonyesha kwamba dhabihu zetu za kiroho zinapokelewa na Mungu kwa njia yake. Ukingoja wimbo wako, mahubiri yako au ushonaji wako ukamilike ndipo umpe Mungu, unataka kuifanya upya kazi iliyomalizika Kalvari.

Tusielewane vibaya. Kujikubali si kuikubali dhambi. Uvivu, hasira na wivu tunavitubia. Lakini urefu wako, lafudhi yako, mkono wako unaotetemeka ukishika maiki si dhambi. Usikeshe ukitubia kitu ambacho Mungu hajakushtaki.

4. Mawe yasiyochongwa

Mungu aliyemjaza Bezaleli Roho wake kwa ufundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao (Kutoka 31:1–5) anaheshimu kazi safi. Fundi, endelea kunyoosha mshono wako. Lakini Mungu huyo huyo alisema katika Kutoka 20:25 kwamba wakimjengea madhabahu ya mawe, wasitumie mawe ya kuchongwa. Chombo kikipita juu yake, imetiwa unajisi. Hema ilihitaji fundi, ila kwenye madhabahu ile jiwe lililetwa jinsi lilivyookotwa.

Hapa lazima nitubu mbele yenu. Tulipoanza kurusha ibada zetu kwa simu, nilianza kuchagua nani anasimama mbele ya kamera. Kuna ndugu yetu mwenye kigugumizi aliyekuwa akitusomea Neno mara moja kwa mwezi. Nilimwambia apumzike kidogo. Alipumzika, na baadaye akapumzika hata kuja kanisani. Yaani mimi niliyeazima sauti nikiwa kijana, nilichukua patasi nikaipitisha juu ya jiwe la Mungu.

Nilienda kwake wiki iliyopita nikamwomba msamaha, na ameniruhusu niandike haya. Amenisamehe. Kuhusu kusoma tena, amesema atafikiria. Nafasi yake iko. Akichukua dakika mbili kutamka neno moja, tutamngoja hizo dakika mbili, na kamera nayo itangoja.

Wiki hii fanya hivi

Chukua ile kazi uliyoificha: wimbo, kitambaa cha meza, shairi, ushuhuda. Usiitengeneze tena. Mwonyeshe mtu mmoja wa ushirika wenu. Na kama kuna mtu uliyemrudisha nyuma kwa kumcheka, mpigie simu kabla ya Jumapili.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni "mavazi ya Sauli" gani umekuwa ukiyavaa? Ni nani alikuvika?
2. Utatofautishaje kazi iliyofanywa kwa uvivu na kazi iliyofanywa kwa bidii lakini ina kasoro?
3. Katika kanisa letu, ni kina nani tunawaficha nyuma? Tufanye nini?

Andiko la kukariri: 2 Wakorintho 8:12

Tuombe

Baba, wewe ndiwe uliyeumba kinywa changu na mikono yangu. Nisamehe kwa kuvionea aibu. Nisamehe pia pale nilipomfanya mwenzangu avionee aibu vyake. Nasaidie nikuletee bora niliyo nayo, nisiifiche, wala nisiazime ya mtu. Naileta kwa Yesu asiye na waa, na kwa ajili yake ipokee. Amina.