Namba 172,800 na Mfupa wa Ishango

Sisi tutokao Bwera na Kasese tumezoea kusikia kwamba elimu ya hesabu ilitoka mbali, Misri au Uyunani. Basi sikieni habari za mfupa mdogo wa jirani zetu.

Ukivuka mpaka hapo Mpondwe, ukashika njia ya ziwani upande wa Kongo, utafika Ishango, mahali Mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward. Hapo, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliochanjwa alama katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000. Siku hizi umehifadhiwa Brussels, kwa hiyo sisi majirani tukitaka kuuona hatuna budi kupanda ndege!

Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumla 60 tena. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48.

Sasa zidisha jumla hizo: 60 × 60 × 48 = 172,800. Namba hii hugawanyika bila baki kwa kila namba toka 1 hadi 10, ila 7 tu, ingawa 7 yenyewe imo mfupani. Namba zote ziwezazo kuigawanya ni 108. Ni mara mia ya 12 × 12 × 12. Tena ndiyo idadi kamili ya sekunde katika siku mbili, usiku na mchana: saa 48, dakika 60, sekunde 60.

Je, watu wa Ishango walijua sekunde? La, hasha! Ajabu hiyo imetoka kwangu niliyezidisha, si kwao waliochanja. Ndiyo sababu nasita kuwakubali wasemao kwamba walijua namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ni kweli 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Lakini mtu hawezi kuzitambua mpaka ajaribu kugawanya kwa 2, kwa 3 na kuendelea, na jaribio hilo silioni mfupani. Alexander Marshack naye, mwaka 1972, aliona humo hesabu ya mwezi. Ila miezi miwili mwandamo ni siku 59, si 60.

Mimi hupendezwa zaidi na safu ya tatu: 3 kisha 6, 4 kisha 8, 10 kisha 5. Hapo naona kuongeza maradufu na kukata nusu. Tena 11, 21, 19 na 9 ni 10 na 20 zilizozidishwa moja, kisha 20 na 10 zilizopunguzwa moja. Ni vigumu kudhani kwamba mchanjaji alikuwa akichezea jiwe lake tu.

Alama zote pamoja ni 168. Atakaye kujaribu kalamu yake na atafute namba tasa nne zinazofuatana zenye jumla hiyo. Zipo.